Malkani Bila Malkia

Ijumaa, 27 Juni 1997

Daftari hili nimepewa na mke wangu Zipporah, kituoni Malindi, basi likiwa limeshawashwa. Alisema kwa kuwa nakwenda kujitafuta, niwe naandika kila nilipofika, nisije nikapotea mara mbili. Abiria wa kiti cha mbele aligeuka aone mtu anayejitafuta anafananaje. Sidhani kama aliridhika.

Basi twende kwa utaratibu. Mimi ni Nzai, miaka hamsini na mmoja, karani mstaafu. (Nilistaafishwa, "mstaafu" ni neno tulilokubaliana nyumbani.) Miaka ishirini na minne nimekaa katika ofisi ya mpima ardhi nikinakili ramani. Nimechora mito ambayo sijapata kunawa maji yake, na vilima ambavyo nikipandishwa leo nitahitaji kushikwa mkono. Siku moja mwezi wa tatu nilijiuliza: huyu mtu ukimwondoa mezani pake, anabaki nani? Nikamuuliza Zipporah. Akasema anabaki mtu anayeacha taulo mbichi kitandani.

Ndiyo maana nimekuja Mto Tana. Jembe, panga, sufuria moja, chandarua, na ukimya. Nitakaa mpaka mvua za vuli zianze. Zipporah amenipa wiki mbili.

Jumapili, 29 Juni

Shamba la marehemu mjomba wangu Masha liko mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Garsen, ukiufuata mto kwenda chini. Siku hizi analima mjane wake, Jumwa, mwanamke mwenye mikono ya seremala na ulimi usiopenda kukaa ndani. Alinionyesha pembe nyuma ya jiko lake nijenge hapo. Nikakataa kwa adabu. Mtu aliyefuata upweke hawezi kukaa mahali anaposikia uji wa mwenzake ukikorogwa.

Nikatembea kando ya mto, na hatua kama mia mbili kutoka shambani nikapaona mahali pangu. Kwingine kote ukingo ni ukuta wa udongo na vichaka vya mikindu visivyopitika. Hapa ardhi imelala taratibu mpaka majini, pana kama uwanja wa mpira, nyasi changa tupu, miti imejipanga kushoto na kulia kama watu waliopisha maarusi. Kwenye ramani napakumbuka vizuri: ni peupe. Hapana jina, hapana namba, hapana mstari. Katika kazi yangu, peupe maana yake hapana mtu.

Nilimuuliza Jumwa kama pana mwenyewe. Akasema pale ni malkani. Nikamuuliza kama mtu anaweza kujenga. Akasema kujenga, mtu anaweza kujenga popote.

Jumanne, 1 Julai

Nguzo kumi na mbili. Malengelenge saba.

Jumamosi, 5 Julai

Nyumba imesimama, katikati kabisa, ikitazama mto. Si wima sana, lakini na mimi si wima sana, kwa hiyo tunaelewana. Nimechonga kibao nikakitundika mlangoni: MALKANI. Nimelifikiria sana jina hili. Bila shaka linatokana na malkia. Huenda zamani malkia fulani wa mtoni aliteremka hapa kuoga, ndiyo maana pamelala kwa heshima namna hii. Nimemwandikia Zipporah kwamba anwani yangu mpya ni kwa Malkia. Barua nimempa utingo wa basi la Malindi.

Jumatano, 9 Julai

Sikujua kwamba upweke una wageni wengi kiasi hiki.

Wa kwanza ni Jumwa, kila alfajiri. Haingii. Anasimama nje anakohoa mpaka nikohoe. Akisikia ni mzima anakwenda zake shambani. Nimemwambia, mama, usijisumbue, mimi nimekuja kukaa peke yangu kwa hiari. Akasema anaelewa, na kesho yake akaja akakohoa mapema zaidi.

Wengine ni wapita njia. Kila mmoja ana swali moja kwa maneno tofauti: nimekosana na nani? Wa Jumatatu alitaka kujua kama mke alinifukuza. Wa jana aliuliza kwa upole kama ni kesi, maana kama ni kesi ana shemeji mahakamani Hola. Leo mama mmoja ameniletea mtoto anayekojoa kitandani. Amesikia pana mganga mpya, mnyamavu, mwenye miwani. Nilimweleza kwa kirefu kwamba naishi kwa urahisi karibu na asili ili nijielewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza Jumwa niliugua lini.

Jumatatu, 14 Julai

Wiki mbili zimetimia tangu nianze kujenga. Niko hapa. Naandika hivyo kwa herufi za kawaida ingawa nilitaka kubwa.

Alhamisi, 17 Julai

Nilikaa majini asubuhi yote nikisikiliza nafsi yangu. Ngedere wakala ugali.

Jumanne, 22 Julai

Barua ya Zipporah, yote hii hapa: "Mume wangu, nimefurahi kusikia u mzima. Msalimie Malkia. Mwambie sufuria uliyochukua ni ile yangu kubwa ya sikukuu, na isiguswe na mchanga."

Nilikuwa nimeisugua kwa mchanga asubuhi hiyohiyo.

Jumapili, 27 Julai

Nyasi zimeanza kugeuka rangi. Mto umeshuka na kuacha utepe wa matope meusi, na Jumwa ameniambia matope hayo yakipandwa kunde hayahitaji mvua. Nimepanda mistari tisa. Niseme ukweli, hakuna kitu nilichopata kuandika ofisini kilichonifurahisha kama mistari hii tisa iliyopinda.

Jumamosi, 2 Agosti

Kiboko. Mistari minne.

Jumatano, 6 Agosti

Nimezungusha ua wa miiba, kutoka mti wa mwisho wa kushoto mpaka mti wa mwisho wa kulia, kisha pande zote mbili kushuka hadi majini. Siku nne za kazi. Mikono yangu inafanana na ramani ya mito. Jumwa alikuja akasimama mbele ya ua, akautazama wote kutoka mwanzo hadi mwisho, akaniuliza lini nitarudi Malindi. Nikamwambia vuli. Akasema, "Mh." Sijui kwa nini "mh" hiyo imenikaa kichwani siku nzima.

Jumapili, 10 Agosti

Joto. Vumbi. Kunde zina maua.

Jumanne, 12 Agosti

Wamekuja vijana wawili wa Kiorma, warefu, fimbo mabegani, wametokea bara. Sikujua walitaka nini. Walisimama nje ya ua wakautazama namna mtu anavyomtazama mlevi aliyelala katikati ya barabara: si kwa hasira, ila kwa kujiuliza apitie wapi. Niliwakaribisha chai. Wakanywa, wakashukuru, wakasoma kibao changu kwa kusaidiana herufi, wakatazamana. Mmoja akageuka upande akacheka ndani ya shuka lake. Kisha wakarudi walikotoka, mbio mbio.

Jumatano, 13 Agosti

Leo nimeona bora niulize. Nilimkuta Jumwa anapepeta mpunga. Nikamuuliza, mama, malka ni nini hasa?

Hakuacha kupepeta. Akasema malka ni mlango wa ng'ombe. Mto huu una mashamba pande zote na kingo ndefu, kwa hiyo tangu zamani wakulima na wafugaji wamekubaliana, hapa na hapa na hapa, pasilimwe wala pasijengwe, ili kiangazi Waorma wakirudi na mifugo wapate pa kuteremkia kunywa. Nyasi changa nilizozikuta ni kwa sababu masika ng'ombe huwa bara. Ukingo umelala kwa sababu umelazwa, kwato kwa kwato, tangu babu wa babu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilikuambia pale ni malkani."

"Nilidhani ni jina."

"Ni jina, karani. Na majina huwa na maana."

Nikamwambia angeweza kunieleza siku ile nachimba shimo la kwanza. Hapo akaweka ungo chini, akanijibu kwa upole ambao ni afadhali angenitukana. Alidhani sitamaliza mwezi. Alimwona mtu wa mjini, mikono laini, ana jambo linalomkera moyoni, akasema ya nini kumvunja, mwache ajenge, atachoka arudi kwa mkewe kabla ng'ombe hawajafika. Na si yeye peke yake. Wapita njia wote walijua. Walikubaliana wasiniaibishe.

Nimerudi nyumbani kwangu. Kijiji kizima kilikaa kikaamua kwamba nitashindwa, kisha kikaninyamazia kwa huruma. Sijapata kutukanwa kwa adabu namna hii.

Alhamisi, 14 Agosti

Sihami.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeandika hoja zangu. Kwanza, hapana alama yoyote ardhini. Pili, hapana mstari kwenye ramani, na ramani ile niliinakili kwa mkono huu. Tatu, niliuliza kabla ya kujenga. Nne, kunde zimeanza kuweka maganda. Tano, nimevumilia mbu, kiboko, ngedere na kikohozi cha Jumwa, na ndiyo kwanza nimeanza kulala vizuri. Mtu akipata mahali anapolala vizuri akiwa na miaka hamsini na mmoja, apahame kwa ajili ya ng'ombe?

Nimezisoma kwa sauti. Zimepangika vizuri sana. Sikuzipenda.

Jumatatu, 18 Agosti

Jumwa hakuja kukohoa. Ukimya kamili, ule niliousafiria. Nilikaa nao mpaka saa nne, nikaenda kumuuliza kama ni mgonjwa. Hakuwa mgonjwa.

Jumamosi, 23 Agosti

Nitaandika yote ya jana kwa sababu leo mikono inaruhusu kidogo.

Vumbi lilionekana tangu asubuhi upande wa bara, nikajidanganya kuwa ni upepo. Saa tano kundi likawa mbele ya ua. Sijui ng'ombe wangapi. Walikuwa wengi kiasi kwamba jicho lilichoka kabla yao. Mbele yao mzee mwembamba, kofia nyeupe, ndevu zimetiwa hina. Jina lake Dadacha. Alinisalimu kwa kirefu, akauliza habari za nyumba, za watoto, za mke, za afya, za usingizi. Mifugo ilikuwa haijanywa siku mbili, na yeye akaniuliza usingizi.

Kisha akasema anaomba njia.

Nikamsomea hoja zangu. Sikuzisoma kwenye karatasi, lakini zilitoka kwa mpangilio uleule, na sauti ilikuwa ileile ya ofisini. Alisikiliza hadi mwisho kichwa kimeinama. Akaniambia malka nyingine iko chini, nusu siku, na tayari ina makundi mawili. Ng'ombe wenye nguvu watafika. Hawa, akaonyesha kwa fimbo nyuma, hawafiki.

Nikamwambia basi jambo hili liende kwa naibu chifu. Leo Ijumaa, ofisi imefungwa mapema. Arudi Jumatatu.

"Sawa, mwalimu," akasema. (Kwake kila mwenye miwani ni mwalimu.) Akakaa chini ya jua, nje ya ua wangu, kungoja Jumatatu.

Vijana wake walikuwa wamekwisha shika panga. Yule aliyecheka siku ile hakuwa anacheka. Mzee aliwakataza kwa neno moja, na kwa kuwa alitaka na mimi nielewe, akalirudia kwa Kiswahili. "Mimi navunja leo, kesho wewe naita polisi. Kesho kutwa vijana yetu na vijana ya shamba nashika mkuki. Mimi naona hiyo mara mbili kwa maisha yangu. Basi. Wewe najenga, wewe navunja."

Niliingia ndani. Nilifunga mlango, kama mlango wa makuti unafungwa. Ng'ombe walikuwa wameshasikia harufu ya maji, wakaanza kulia. Si kulia kwa ng'ombe mmoja anayeita ndama. Ni sauti moja, nzito, inayotoka ardhini na kupanda kwenye miguu ya kitanda. Mimi niliyekuja kukaa karibu na asili niisikilize nilitia vidole masikioni.

Adhuhuri ilipofika nikaona haya kidogo, nikajaza birika maji nikampelekea mzee atawadhe, ni siku yake ya swala. Alinipokea kwa mikono miwili akashukuru. Akaita. Kijana akaleta ndama aliyekuwa hawezi kusimama vizuri, mzee akamimina birika lote kwenye beseni, ndama akanywa. Kisha Dadacha akapiga viganja vyake kwenye vumbi, akapaka uso, akapaka mikono, akasimama kuswali. Hatua themanini kutoka Mto Tana, mtu anatawadha kwa vumbi.

Sikujua kama dini inaruhusu. Nilimuuliza baadaye, akasema inaruhusu: maji yakiwa kidogo na pana kiumbe ana kiu, kiumbe kwanza. Lakini wakati ule sikuuliza. Nilisimama na birika tupu nikisikia maneno yangu mwenyewe yakinirudia: arudi Jumatatu. Miaka ishirini na minne nimewaambia watu arudi Jumatatu. Vikongwe waliotembea tangu alfajiri kuja kuuliza mpaka wao umepita wapi, wajane, watu waliovua viatu mlangoni kwa heshima ya sakafu. Nilidhani yule ni karani, na kwamba nimemwacha Malindi, na kwamba chini yake yupo mtu mwingine, mpole, anayependa ndege. Nilichimba miezi miwili kumtafuta. Nilichokipata ni karani, bila meza, amejitengenezea dirisha la miiba.

Ng'ombe mmoja alikuwa ametia shingo ndani ya ua. Damu inamtoka na harudi nyuma.

Niliushika ua kwa mikono mitupu kwa sababu panga sikuliona, na sikuliona kwa sababu lilikuwa kitandani, nilipolikalia nikiziba masikio. Miiba ile niliifunga kwa siku nne na kwa moyo wote, haikutaka kufunguka. Vijana walitazama. Mzee hakuwaruhusu wanisaidie. Neno lake lilikuwa lilelile, aliyejenga ndiye avunje. Aliyekuja ni Jumwa, na panga lake la kukatia mikindu. Yeye Dadacha hakumkataza. Sijui ni nani angeweza kumkataza.

"Toka hapo, karani. Shika huku nyuma, vuta, usikumbatie. Hiyo si mke."

Tulivuta. Ulipofunguka upana wa ng'ombe wawili nilidhani watanikanyaga, nikajiandaa kufa kwa namna ya kipumbavu. Lakini vijana walipiga mluzi, na kundi lile lote lenye kiu ya siku mbili likateremka kwa zamu, wadhaifu kwanza, wanaonyonyesha, kisha wengine, kila fungu likinywa na kupisha jingine. Sijaona foleni ya namna ile katika ofisi yoyote. Waligawanyika kuipita nyumba yangu kushoto na kulia. Kunde zilikwenda kwa fungu la kwanza.

Ng'ombe watatu hawakusimama tena. Wawili kati yao, mzee alisema, walikuwa wameshakwisha tangu njiani. Kuhusu wa tatu hakusema kitu. Nami sikuuliza, na ninaandika hapa kwamba sikuuliza.

Jumapili, 24 Agosti

Fahali amejikuna kwenye nyumba. Sasa ndiyo haiko wima.

Jumanne, 26 Agosti

Kadra, mke wa Dadacha, alikuja na wakaza wanawe wawili kuihamisha nyumba yangu. Kwao nyumba ni kazi ya wanawake, na niliambiwa nikae kando. Walipofika kwenye mafundo yangu waliuliza nani aliyefunga. Jumwa akanionyesha kwa kidevu. Walicheka mpaka wakakaa chini. Kadra akanishika bega kwa huruma kama mtu anayempa pole mfiwa, akaniambia sina kosa, sikufundishwa.

Kabla ya adhuhuri nilikuwa na nyumba nyuma ya jiko la Jumwa, imesimama kama askari. Nasikia uji ukikorogwa.

Jumatano, 3 Septemba

Najaribu kuandika. Nzi. Samadi. Kengele za ng'ombe. Vijana wanaimba. Jumwa na Kadra wanauziana maziwa na mahindi kwa sauti ya watu wanaogombana, kumbe wanapendana. Kila anayepita anaingia kuniuliza habari za Malkia.

Jumanne, 9 Septemba

Barua: "Mume wangu, utingo ameniambia Malkia ana pembe. Pole. Sufuria iko salama? Zipporah."

Sufuria ina maziwa ya Kadra. Nimeandika kwamba iko salama.

Jumapili, 14 Septemba

Nimepewa kazi. Sikuiomba. Wakati wa kunywa mtu mmoja husimama majini upande wa juu akipiga maji kwa fimbo ndefu ili mamba asisogee, na Dadacha aliona kwamba mimi, kwa kuwa sina ng'ombe wala kunde, nina nafasi. Nilimwambia siogopi mamba ila sijui kupiga maji. Alisema Kiswahili changu kigumu, huenda nilitaka kusema kinyume.

Alhamisi, 25 Septemba

Napiga maji kila siku, saa tano mpaka saa nane. Mwanzoni nilihesabu dakika. Leo Jumwa alinipigia kelele kutoka juu kwamba ng'ombe wamekwisha ondoka zamani, nabarizi na nani? Sikuwa nimeona. Nilitafuta nilikuwa nikifikiria nini, sikukuta kitu.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimemchunguza Dadacha. Huweza kukaa alasiri nzima, kengele zikilia, watoto wakimparamia, wanawake wakibishana, na yeye ametulia kama maji ya mtungini. Mimi nilihitaji uwanja mzima na ua wa miiba, na bado nilikuwa na kelele kichwani.

Nilimuuliza anafanyaje. Akasema, "Mimi nangoja ng'ombe." Nikangoja aendelee.

Jumapili, 12 Oktoba

Mvua ya kwanza. Nimelowa, daftari limelowa, Jumwa anacheka tu. Walioisikia redio Garsen wanasema imetabiri mvua nyingi mwaka huu. Mbu wamesikia pia.

Alhamisi, 16 Oktoba

Wamehama. Bara kumeshaota nyasi. Asubuhi kulikuwa na mifugo, saa nne kulikuwa na samadi na nyayo zikijaa maji. Kadra ameniachia kibuyu. Dadacha alinisalimu kwa kirefu kama siku ya kwanza, za mke, za watoto, za usingizi, na mwisho akauliza wakirudi kiangazi watanikuta. Nikasema nilikuwa nimeazimia kukaa mpaka vuli tu. Akaitikia kwa kichwa. Hakunisihi. Ningependa kidogo anisihi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimefunga mzigo. Basi la Malindi ni kesho. Sufuria nimeisugua kwa majivu, si kwa mchanga.

Jumamosi, 18 Oktoba

Asubuhi nilikwenda malkani kunawa uso kabla ya safari. Nikamkuta mtu. Makamo yangu, viatu vya mpira vipya, kofia ya jua ingawa mvua inanyunya, panga bado lina karatasi ya dukani. Alikuwa anapima kwa hatua, kutoka mti wa kushoto kwenda wa kulia, midomo inacheza. Nilimtambua mara moja ingawa sijapata kumwona.

Aliniambia pazuri. Nikakubali. Aliniambia amechoka na mji. Nikamwambia pole. Akaniuliza kama pana mwenyewe, na mimi nilifungua mdomo niseme kwamba hapa ni malkani, nikaona hiyo haitoshi.

"Pana wenyewe. Wamesafiri. Watarudi kiangazi."

Akatazama kushoto na kulia. Kama pana wenyewe mbona hawakuzungushia hata ua? Nikamwambia hao kwao ua ndio ubaya. Akauliza kama nina karatasi yoyote kuhusu mahali hapa. Sina. Kama basi mimi ni mtoto wa hapo, au mlinzi, au mtu wa serikali. Mimi si yeyote katika hao. Mvua ikaongezeka. Akanikazia macho, mtu aliyeudhika kwa haki.

"Sasa wewe hapa ni nani?"

"Mimi ni jirani yao."

Nikamchukua kwa Jumwa akanywe uji, nikamweleza kila kitu, tangu kwato mpaka birika. Aliondoka saa sita na panga lake ndani ya karatasi. Basi la Malindi lilikuwa limeshapita.

Nimefungua mzigo, nimemwandikia Zipporah. Nimempa habari za mvua, nimeomba radhi kuhusu mchanga, na nimemsihi aje yeye, likizo ya Desemba, na kama atapenda akae. Mimi kwa sasa siwezi kuondoka. Majirani zangu wako safarini, na hapana mtu wa kuwaangalizia mlango.